Betri ya Volti Sita

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kiki ishirini na tatu. Nilizihesabu. Ya ishirini na nne ikashika, injini ikakohoa, ikazima. Nikaikokota hadi ukingo wa mteremko unaoshuka mtoni, nikapanda, nikaachilia klachi katikati ya mteremko. Ikawaka. Soksi zilijaa tope. Mguu wa kulia unatetemeka hata sasa, na ni jioni.

Nilifika shambani saa kumi na mbili na dakika arobaini. Wakataji walikuwa wamekaa kwenye trela, mapanga magotini. Nyapara wao alitazama saa yake. Sheria ya kiwanda ni hii: msaidizi wa shamba asipofika kuonyesha mipaka na kutia sahihi kibali, hakuna panga linaloinuliwa. Ikigonga saa moja, trela inahamia shamba linalofuata kwenye orodha. Mwenye miwa anarudi mkiani. Kutoka mkiani hadi mbele ni miezi.

Zilibaki dakika ishirini. Msaidizi huyo ni mimi, mwanamke wa kwanza kupewa pikipiki katika sehemu yetu. Miezi sita ya majaribio, imebaki miwili. Kila mtu anangoja nianguke. Mimi pia nangoja.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua plagi. Nyeusi. Nimeweka mpya. Nimesugua platini kwa msasa. Nimeosha kabureta kwa petroli mpaka vidole vikapauka. Kitabu cha pikipiki nimekisoma mara tatu, kwa bidii niliyosomea mtihani wa stashahada. Kinasema cheche iwe ya buluu na nene. Yangu ni ya manjano, nyembamba kama uzi. Taa ya mbele inawaka kama mshumaa. Honi inakoroma.

Basi ni betri. Pikipiki hii ni ya zamani, ya volti sita. Bila betri haina cheche, na bila cheche mimi ni mwanamke mwenye chuma.

Mama alikuwa kibarazani kwake, redio mapajani, akinitazama nikipigana na spana. Ananiita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mamake. "Mama, hicho kitu kitakuua kabla ya mume," akasema, akacheka peke yake. Kisha taarifa ya habari ikaisha, yakaingia matangazo ya vifo. Akanyamaza. Anasikiliza kila jioni, jina baada ya jina, mpaka la mwisho. Akishasikia la mwisho anavuta pumzi.

Anasikilizia jina la kaka yangu Hezron. Alikwenda Kitale kutafuta kazi. Barua ya mwisho ni ya mwaka juzi. Mama anaamini kwamba akifa, atakayemzika atatangaza. Kwa hiyo kila jioni ambayo jina halikusomwa, mwanawe yu hai.

Mimi nadhani amekufa. Sijawahi kuliandika. Nimeliandika.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa fundi Ramadhani, mjini. Mtu wa Mumias, kofia nyeupe, mikono myeusi. Salamu zake ni ndefu kuliko kazi yake. Akatoa vile vifuniko vitatu vya betri, akachungulia. Maji yalikuwa chini. Akaongeza maji ya betri, akaiweka kwenye chaja kutwa nzima, katikati ya betri kubwa za watu za televisheni, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa rangi. Yangu ndogo kama kitoto kilichopotea sokoni.

Nimemwandikia Afisa Makokha, mkubwa wetu ofisini, barua nyingine kuomba betri mpya. Ya tatu. Hajajibu ya kwanza.

Ijumaa, 7 Juni

Kiki moja. Moja tu! Nilicheka kwa sauti peke yangu barabarani. Honi ililia mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia.

Jumamosi, 8 Juni

Imekufa. Taa haiwaki kabisa.

Jumatatu, 10 Juni

Leo ilikuwa zamu ya shamba la Mama Rodah, upande wa Butali. Mjane. Miwa yake ina miezi ishirini na sita. Imechanua, na ikichanua huanza kukauka kiini. Amengoja kibali tangu mwaka jana.

Betri haikuwa na kitu. Mteremko haukusaidia. Nilipanda na kushuka mara nne, mtu mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa akanisukuma ya tano, ikawaka. Nilifika saa moja na robo. Barabarani kulikuwa na alama za matairi ya trela zikigeuka.

Mama Rodah alikuwa amesimama mpakani na kikapu. Alikuwa amewapikia wakataji viazi. Ukitaka wakate chini kabisa, usipoteze shina, unawapikia. Vilikuwa bado moto. Akasema, "Mwanangu, miwa haingojanga pikipiki." Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Kisha akanipa kiazi. Nilikila. Sijui kwa nini nilikila.

Afisa Makokha alinisomea onyo kwa sauti, mlango wazi, ili ofisi isikie. Mara moja zaidi, pikipiki inakwenda kwa Wanjala, msaidizi mwenzangu, na mimi nakwenda mzanini kuandika uzito wa matrela hadi majaribio yaishe. Baada ya hapo hakuna ahadi. Alilipenda neno "hakuna". Alilirudia.

Sina kingine ila kazi hii. Naiandika nione kama ni kweli. Ni kweli.

Jumanne, 11 Juni

Ramadhani amepima injini ikinguruma. Chaji inaingia vizuri. Anasema labda kuna waya uliochubuka unaovujisha umeme usiku. Amenionyesha namna ya kuichomoa betri kwenye nyaya jioni. Ikiamka nzima, kosa ni la nyaya za pikipiki.

Nimeegesha pale pale, chini ya paa, ukutani kwa chumba cha Mama, ambapo mvua haifiki. Nimechomoa waya. Nimefunga kifuniko cha pembeni.

Jumatano, 12 Juni

Imekufa. Waya ulikuwa umechomolewa kama nilivyouacha. Basi si nyaya.

Nilisukuma peke yangu. Niliwahi kwa dakika tatu. Nyapara akasema, "Leo Madam ametembelewa na Roho." Wakataji wakacheka. Nikatia sahihi.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeiacha betri kwa Ramadhani ilale kwake. Alichaji mpaka saa kumi, akaiweka rafuni bila kuifunga na kitu. Pikipiki nimeiacha kwake pia, nimetembea hadi nyumbani, Lurambi.

Mama aliniuliza betri iko wapi. Nikamwambia. Baada ya chakula akaniuliza tena itarudi lini. Niliguswa. Nilidhani hajali kazi yangu. Redio yake ilikuwa ikinong'ona tu, akaiweka sikioni kama mtu mwenye jino bovu.

Ijumaa, 14 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Asubuhi betri ilikuwa nzima. Ramadhani aliunganisha taa yake ndogo, ikawaka ikaumiza macho. "Dada, hii betri haiumwi," akasema. "Betri mgonjwa hufa popote ilipolala. Hii imelala kwangu, imeamka nzima."

Nikasema labda ilikuwa bahati.

"Labda imependa kulala kwa Waislamu," akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kuna mtu anaikamua. Mtafute."

Nilifikiri njia nzima. Nyumbani tuko wawili, Mama na mimi. Basi si nyumbani. Ofisini pikipiki yangu husimama kwa muda wa saa tatu kila alasiri, mimi nikiandika ripoti, na inayosimama kando yake ni ya Wanjala. Wanjala ndiye atakayeipata yangu nikianguka. Jioni huwaka vizuri, nikajijibu kwamba injini ya moto husamehe betri mbovu. Kila kitu kilipangika. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu.

Nilimwambia mbele ya watu sita. Kwamba anabadilisha betri. Kwamba nitathibitisha.

Wanjala akaweka chini kikombe chake cha chai. "Madam, ya kwangu ni volti kumi na mbili. Hiyo yako hata nikipewa bure nitaiweka wapi? Kwa tochi?"

Walicheka mpaka karani akashika meza. Volti kumi na mbili. Imeandikwa ubavuni, nimeipita kila siku. Mimi niliyesoma.

Afisa Makokha hakucheka. Aliandika kitu.

Jumapili, 16 Juni

Sikukaa hadi mwisho wa ibada. Mhubiri alikuwa akisema juu ya subira. Nikatoka.

Mama hakwenda kanisani, goti linamsumbua. Hakunisikia nikiingia uani. Jua lilikuwa limetoka vizuri, la kwanza wiki hii. Alikuwa ametandaza mahindi kwenye gunia, na kando yake, juu ya kipande cha bati, ameanika mawe ya redio, zile betri zake ndogo, manne, yamepangwa kama watoto wanaoota jua. Hilo si jambo. Kila mtu huanika mawe yakichoka.

Kando ya mawe ilikuwa betri yangu.

Vifuniko vyote vitatu vilikuwa wazi. Nilimuuliza kwa nini viko wazi, kana kwamba hilo ndilo swali. Akasema, "Nimefungua jua lipate kuingia, mama. Nilitaka nikurudishie nguvu yako."

Amekuwa akiitumia tangu mwezi wa tano, mawe yalipoisha. Kuna nyaya mbili nyuma ya redio, Hezron alizitoa zamani tulipokuwa na betri ya gari. Alimwonyesha ipi ya wapi. Mama anazipitisha dirishani, anafungua kifuniko cha pembeni, anaunga. Redio anaiacha wazi tangu jioni mpaka kituo kifunge, kwa sababu siku moja walisoma jina walilokuwa wamelisahau, mwisho kabisa. Alfajiri anachomoa kabla sijaamka. Maji yalipopungua aliongeza ya mvua, ya pipa.

"Haikulangi sana," akasema. "Ni sauti tu."

Nilipiga kelele. Niliyoyasema sitayaandika. Moja nitaandika, kwa kuwa ni langu. Nilisema: Hezron amekufa, Mama, na wewe unanizika mimi.

Aliinama akaanza kugeuza mahindi. Leso yake ina matundu madogo, mengi, pale tindikali ilipodondoka.

Jumatatu, 17 Juni

Jana Ramadhani alifungua banda kwa ajili yangu, akamwaga maji yote, akatia tindikali mpya, akachaji. Anasema imeumia. Itashika nusu, labda. Sikumwambia mwizi ni nani. Hakuuliza. Watu wa Mumias wana adabu.

Nililala na betri chini ya kitanda, mlango nimefunga kwa ufunguo. Kiki mbili.

Nimemnunulia Mama mawe mapya manne. Aliyapokea kwa mikono miwili, kama mgeni.

Nilikwenda kwa Wanjala kuomba radhi. Akasema, "Yameisha, Madam." Hayajaisha. Tangu asubuhi ofisi nzima inaniita Tochi.

Jumanne, 18 Juni

Kiki mbili. Niliwahi. Orodha mpya imetoka: kwa kuwa kosa lilikuwa la kiwanda, Mama Rodah amerudishwa mbele, Ijumaa. Mimi ndimi kiwanda. Nimeapa nitafika kabla ya trela.

Jumatano, 19 Juni

Kiki tatu. Mama haongei. Anapika, anapakua obusuma, ugali wetu, anakaa. Mimi nashinda. Sijawahi kushinda kitu kinachonuka hivi.

Alhamisi, 20 Juni

Mawe hayakuwa mapya. Yalikaa dukani sijui miaka mingapi. Leo, siku ya nne, sauti ilianza kuzama kabla ya taarifa ya habari. Mama alisogeza kiti, akainamia redio. Mimi nilikuwa nikichambua mboga. Matangazo yakaingia. Jina la kwanza, la pili. Kisha msomaji akasema "wa Kitale", na sauti ikakatika.

Mama alisimama. Alisimama tu, mikono kando. Hakunitazama. Hakuomba.

Nilifungua mlango wangu, nikavuta betri chini ya kitanda, nikaiweka mezani kwake. Nikaunga nyaya mwenyewe. Kufikia hapo walikuwa wanasoma mengine.

Alisema watarudia. Wakati mwingine hurudia kabla ya kufunga. Nilijua itachukua muda gani. Nilijua betri inashika nusu. Nilijua kesho ni shamba la nani. Ningeweza kusema saa moja tu, kisha nachomoa. Sikusema.

Niandike sawasawa: sikusahau, na sikupitiwa na usingizi. Niliiacha.

Ijumaa, 21 Juni

Hawakurudia.

Betri haikutoa hata cheche ya manjano. Kiki arobaini. Mteremko mara sita. Mama alitoka na goti lake bovu akanisukuma, anahema, mikono kwenye kiti cha pikipiki, tope mpaka magotini. Hatukutazamana. Chini kabisa, karibu na mto, nikaiegemeza kwenye mti, nikaanza kukimbia kwa miguu. Nikapata baiskeli hadi njia panda. Baada ya hapo nikakimbia tena.

Nilifika saa mbili kasoro dakika tano.

Mama Rodah safari hii hakupika. Alikuwa ameketi mpakani, mgongo kwa miwa. Nilipomsalimu aliitikia. Nikasimama pale na kibali mkononi, kimejazwa vizuri, mwandiko mzuri.

Jumamosi, 22 Juni

Mama alizunguka kwa majirani kuuliza nani alisikiliza juzi. Mama Ayako, wa boma la pili, alisikia. Aliyetangazwa alikuwa bibi kizee. Wanawe ndio wa Kitale.

Mama alirudi amechangamka, akachinja kuku. Ingokho, Jumamosi ya kawaida. Nilikula paja. Lilikuwa tamu. Nililia jikoni, moshi ukanipa sababu.

Jumatatu, 24 Juni

Nimekabidhi pikipiki. Iliburutwa juu ya trela kama mzoga. Nikatia sahihi: kioo kimoja, spana mbili, kofia, ufunguo.

Mtunza ghala akatoka na boksi. Betri mpya. Ilikuwa rafuni, amesema, tangu mwezi wa nne. Hakuwa amepata barua yoyote. Kuifunga kulimchukua dakika kumi. Pikipiki ya Wanjala imepelekwa sehemu nyingine, na hii sasa ni yake. Wanjala akapanda, akapiga kiki moja. Taa ikawaka nyeupe mchana kweupe. Akaniangalia, akaizima haraka, kama mtu aliyecheka matangani.

Nikaulizwa na Afisa Makokha kama nina la kujieleza. Ningeweza kusema mama yangu. Nilisema betri ilikuwa mbovu. Akasema, "Lakini imewaka." Akaandika.

Betri ya zamani mtunza ghala aliitupa kwenye pipa la vyuma. Nilimuona akiitupa. Sikuiomba.

Alhamisi, 27 Juni

Mzani. Trela inapanda, sindano inacheza, inatulia, naandika. Trela inashuka. Hakuna anayeningoja, na siwezi kumchelewesha mtu. Leo niliona namba ya shamba la Mama Rodah kwenye orodha ya ukutani. Ni ya mwisho ukurasa wa nne.

Sina la kuhisi juu ya hilo. Nimetafuta.

Jumapili, 30 Juni

Mvua tangu mchana, ikaacha jioni. Mama alichukua leso yake na fimbo, akasema anakwenda kwa Mama Ayako. Sasa huenda kila siku, kwa ajili ya redio. Nilimwambia njia inateleza, nitamshika mkono.

Tulikaa kwenye benchi karibu na mlango. Mama Ayako alitupa chai, akapunguza moto, akaongeza sauti. Taarifa ya habari sikuisikia. Kisha yakaja. Mama akafumba macho. Kidole chake kiligonga goti, kimoja kwa kila jina. Mzee wa Bunyore. Mwalimu wa Kaimosi. Mtoto. Mwanamke wa Webuye aliyeacha wajukuu.

Nilikuwa naomba. Nimetambua katikati kwamba naomba, na ninachoomba. Niliomba lisomwe.

Halikusomwa. Mama akavuta pumzi, akafungua macho, akamshukuru Mama Ayako kwa chai. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kwa sababu ya utelezi. Akasema, "Leo pia hapana." Akalisema kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba.

Nikasema, ndiyo, Mama. Leo pia hapana.

Kesho naingia mzanini saa moja. Nitatoka nyumbani saa kumi na moja, kwa miguu.